Gari la Waya, Gari la Rimoti, na Mkono Uliopotea Katikati

Swali moja limenifikia mara tatu mwezi huu, na wote walioniuliza ni vijana wa hapa Sigalagala: kwa nini gari dogo la rimoti linapinduka kila likikata kona, na je, ukilifunga jairo litapona? Ningeweza kujibu kwa sentensi mbili nikarudi kwenye kazi inayonilipa. Lakini swali lenyewe lina historia ndefu na tamu, na kipande kizuri cha historia hiyo kiko hapa hapa kwetu. Basi leo tuweke kando habari za programu (sawa, kidogo tu, kuelekea mwisho). Chukua chai yako tuanze.

Kwa wasiojua, Sigalagala ni kituo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ukishapita Chavakali na kabla hujafika Khayega. Wengi wanaijua kwa sababu ya chuo chake cha ufundi, kilichopandishwa hadhi mwaka 2016 kikawa Sigalagala National Polytechnic. Mahali penye chuo kama hicho hapakosi vijana wenye bisibisi mfukoni. Na jairo, kwa ambaye hajakutana nayo, ni kihisi kidogo kinachojua gari linajizungusha kwa kasi gani. Kikihisi mkia umeanza kuteleza, kinageuza magurudumu ya mbele kuupinga mzunguko huo kabla dereva hajashtuka.

Maandishi mengi kuhusu historia ya magari madogo huanza na betri. Mimi naianzia kwenye waya.

Mjomba wangu alikuwa mtoto miaka ya mwisho ya 1970, wakati ambapo Pasaka kwa wavulana ilimaanisha Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na baadaye yakawa ya Pasaka kwa miaka mingi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda 1973 kwa Datsun 240Z, halafu akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, tena kwa Datsun. Kwa hiyo mjomba na wenzake wakaunda Datsun. Ungeunda nini kingine?

Waya ulitoka kwenye ua uliochoka. Maungio yalifungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Magurudumu yalikatwa kwenye malapa yaliyokwisha, na bodi ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia uliopasuliwa na kunyooshwa kwa jiwe. Kutoka kwenye ekseli ya mbele ulipanda waya mrefu hadi kifuani, na juu yake duara la usukani. Unakimbia nyuma ya gari, unapiga kelele za injini kwa mdomo, unakata kona.

Datsun ya kwanza, anasema, ilikuwa inaanguka kama mlevi. Wakapanua ekseli mpaka gari likatembea kama kaa. Wakapunguza kimo cha bodi. Wakasiliba udongo wa mfinyanzi kwenye sakafu (Ilesi haiko mbali, udongo mzuri si shida kwetu) ili uzito ukae chini. Likaacha kuanguka. Kumbuka mambo hayo matatu: upana, kimo, uzito chini. Tutakutana nayo tena huko Japani, California na Ujerumani, yakiwa yamevaa suti.

Lakini kitu ninachokiona cha maana zaidi kwenye gari la waya ni ule mti wa usukani. Watu wanadhani kazi yake ni kupeleka amri chini tu. Hapana, ulikuwa unaleta habari juu pia. Gurudumu likigonga jiwe, kiganja kinajua. Mkia ukianza kwenda kando, waya unajipinda mkononi, na mkono unarekebisha wenyewe, hata kabla akili haijapata taarifa. Kwa lugha ya kazi yangu, yalikuwa mawasiliano ya pande mbili, na dereva alikuwa ndani ya mzunguko wa mrejesho. Hakuna aliyeita hivyo. Waliita kuendesha gari.

Sasa radio. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha watu pale Madison Square Garden, New York, mashua ndogo iliyoongozwa bila waya wowote, na Novemba mwaka huo huo akapewa hati miliki yake. Watu walistaajabu, na haki yao. Ila tazama kilichotokea: waya ulipokatwa, amri zilibaki na mrejesho ukapotea. Ni kama kutuma ujumbe wa simu bila ripoti ya kufika. Unaona kwa macho tu kama kitu kimetii, na macho yako mbali. Kwa mashua haikuwa shida kubwa. Maji yanasamehe, mashua inageuka polepole. Gari haligeuki polepole.

Magari ya rimoti ya kuuzwa madukani yalichelewa sana baada ya hapo, kwa sababu vifaa vya redio vilikuwa vikubwa na vizito mpaka transista ilipokuja. Kampuni ya Italia, Elettronica Giocattoli ya Reggio Emilia, ilitoa Ferrari 250LM ya kipimo cha 1:12 mwaka 1966. Uingereza nako watu wakaanza kushindana kwa magari ya injini ndogo za mafuta kwenye viwanja vya kuegesha magari. Mengi ya magari ya enzi hizo yalikuwa na tiba moja ya kutopinduka: bapa. Unachukua kipande bapa cha chuma au faiba, unalaza kila kitu juu yake, unakiweka karibu na ardhi iwezekanavyo. Hakuna springi za maana. Kwenye lami laini bapa linafanya kazi vizuri mno. Kwenye barabara ya vumbi lingeruka mara mbili kisha likaishia mtaroni.

Mwaka 1976 Tamiya, kampuni ya Shizuoka huko Japani, ikatoa Porsche 934 ya 1:12. Ili wapate umbo sawasawa walinunua Porsche 911 ya kweli wakaifungua vipande vipande. Nawapenda kwa hilo. Hata hivyo sifa kubwa ya gari lile haikuwa kwenye kona, ilikuwa kuwaingiza watu wa kawaida kwenye mchezo. Waliponogewa wakataka kwenda nje ya lami, na Tamiya ikawapa Rough Rider na Sand Scorcher mwaka 1979, magari ya mchangani yenye sasipensheni ya kweli.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa namna ya kufurahisha. Ukitaka gari lipite juu ya mawe, lazima uliinue. Ukiliinua, kitovu cha uzito kinapanda, nalo linapenda kulala kifudifudi. Ukiliwekea springi lisirukeruke, springi zenyewe zinalirusha. Tamiya Grasshopper ya mwaka 1984, ambayo ilipendwa na watoto wengi mno duniani, ilikuwa na springi zisizo na mafuta ndani yake, na waliowahi kuiendesha wanajua jina lake halikukosewa: panzi. Springi ni kama mkopo. Inachukua nguvu ya shimo, lakini lazima irudishe, tena inarudisha wakati usiotaka, katikati ya kona. Kinachotakiwa ni kitu cha kuila ile nguvu. Mafuta yakisukumwa kupita kwenye tundu dogo yanaigeuza kuwa joto, na basi.

Mwaka huo huo wa 1984 kampuni ya Associated ya California ikatoa RC10, kazi ya Roger Curtis. Hili ndilo gari ambalo kwangu linagawa historia sehemu mbili. Chesisi yake ilikuwa beseni la alumini, kila gurudumu likapanda na kushuka peke yake, shokabzoba zikajazwa mafuta, na difu ikawa ya gololi, unaikaza au kuilegeza kwa bisibisi. Difu ndiyo inayoruhusu gurudumu la nje kwenye kona lizunguke haraka kuliko la ndani. Bila hiyo magurudumu ya nyuma yanabishana na gari linasukumwa kwenda mbele hata ukigeuza usukani. Mwaka 1985, kwenye mashindano ya dunia ya kwanza ya magari ya 1:10 ya nje ya lami pale Del Mar, California, Jay Halsey alishinda daraja la magurudumu mawili kwa RC10. Magari mengi yaliyofuata ni wajukuu zake.

Nilipomweleza mjomba habari za shokabzoba za mafuta, alicheka akasema wao walikuwa na tyubu. Nikadhani anatania. Lakini ana hoja! Raba ikivutwa na kuachwa hairudishi nguvu yote, sehemu inabaki kuwa joto. Maungio yaliyofungwa kwa tyubu ya baiskeli yalikuwa springi na shokabzoba kwa pamoja. Si nzuri kama mafuta, lakini pia hazikuwahi kuvuja.

Tuje kwenye magari madogo zaidi, ambayo ndiyo vijana wa hapa wanayo. Mwaka 1999 kampuni ya Kyosho, ya Japani pia, ilianzisha Mini-Z, gari la kukaa kiganjani, karibu 1:28, linalotumia betri nne ndogo zile nyembamba za rimoti ya televisheni. Betri zimelazwa chini kabisa, mbili kila upande, na sehemu ya nyuma imeshikwa na kibapa chembamba kinachopindika badala ya springi. Ni akili nyingi ndani ya sentimita chache. Lakini udogo una adhabu yake, na adhabu hiyo haiandikwi kwenye boksi.

Kitu kikipungua urefu mara 28 huku mvutano wa dunia ukibaki ule ule, matukio yake yanakwenda haraka kwa kipeuo cha pili cha 28, yaani kama mara 5.3. Kuanguka, kuteleza, kuyumba, vyote. Wewe dereva hupungui. Mkono wako unahitaji karibu sekunde 0.2 kujibu jambo ambalo jicho limeona. Kwa gari la 1:28 huko ni sawa na kuendesha gari la kweli huku mikono ikichelewa kwa sekunde nzima. Fikiria dereva wa matatu wa namna hiyo akiteremka kuelekea Kisumu. Ungepanda? Ndiyo maana mtu mzima mwenye leseni halali anapewa kigari cha kuchezea na kukipiga ukutani ndani ya dakika moja. Tatizo ni saa zake mbili zisizolingana, na mti wa usukani haupo tena wa kumwonya mapema.

Jairo ilizaliwa kuziba pengo hilo, ila haikuzaliwa kwa ajili ya magari. Ilianzia kwenye helikopta za rimoti, ambazo mkia wake unataka kuzunguka muda wote na hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuushika siku nzima. Za mwanzo zilikuwa na gurudumu halisi linalozunguka kwa mota, nzito na zenye njaa ya betri. Kisha zikaja za fuwele inayotetemeka, na mwisho zikaja za silikoni, ndogo kuliko ukucha. Chipu ya MPU-6050, ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki wamewahi kuishika, ina jairo tatu na vipima mchapuko vitatu ndani ya kipande cha milimita 4 kwa 4. Vitu hivi vilikuwa vya ndege na makombora.

Magari makubwa yalipita njia hiyo hiyo. Bosch na Mercedes-Benz walileta ESP, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, mwaka 1995. Mwaka 1997 Mercedes ikatoa A-Class, gari fupi na refu kwenda juu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo mwandishi wa jarida la Sweden la Teknikens Värld alilikwepesha ghafla, kama mtu anayekwepa mnyama barabarani, nalo likapinduka. Ilikuwa aibu ya dunia nzima. Mercedes ikasimamisha mauzo, ikaweka ESP kwenye kila A-Class. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaikumbuka. Wanayoisahau ni kwamba waligusa pia sasipensheni na tairi. Wahandisi wenye fedha zote zile hawakuthubutu kuiachia programu kazi yote.

Na hapa ndipo jibu la vijana wangu lilipo. Mmoja wao, jirani yangu, alikuwa tayari kuuza kuku wawili wa kienyeji anunue jairo. Nikamwambia kuku wasubiri, lete ubao na kipimapembe.

Unaweka gari ubavu kwenye ubao, unazuia magurudumu ya chini kwa kijiti chembamba yasiteleze, unainua ubao polepole mpaka magurudumu ya juu yaanze kuachana nao. Mabasi ya ghorofa ya London yanapimwa kwa njia hii hii: ghorofa ya juu imejazwa mizigo badala ya abiria, basi linainamishwa digrii 28, na lazima lisianguke. Gari la jirani yangu, kigari chenye magurudumu makubwa, lilianza kuanguka kwenye digrii 40. Tanjenti ya 40 ni 0.84. Upana kati ya magurudumu yake ni sentimita 12, nusu yake 6, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko kama sentimita 7.2 juu ya ardhi. Kile kigari kilikuwa kimebeba betri yake kichwani kama mama anayetoka sokoni!

Halafu tukapima raba. Kwenye slabu ya saruji, magurudumu yamefungwa yasizunguke, pua ikiangalia chini, lilianza kuteleza kwenye digrii 42, yaani msuguano wa 0.9. Linganisha namba hizo mbili. Gari linahitaji 0.84 ili lipinduke, na raba inalipa 0.9. Litapinduka kabla ya kuteleza, kila mara, hata ukimweka Mehta kwenye rimoti. Kwenye vumbi, ambako nakisia raba inapata kama 0.6, litateleza kwanza na dereva ataonekana fundi. Hivyo ndivyo lilivyokuwa mfalme kwenye njia ya vumbi na kichekesho kwenye saruji.

Jairo ingefanya nini hapo? Karibu hakuna. Kihisi chake kinapima gari linavyozunguka kulia na kushoto, nalo lilikuwa linazunguka vile vile alivyoamuru dereva. Hakuna kosa la kusahihisha, linaangukia ubavu huku likitii. Tukahamisha betri chini ya chesisi na kuongeza washa kwenye ekseli mpaka upana ukawa sentimita 15. Kitovu kikashuka hadi 5.5. Gawanya 7.5 kwa 5.5 upate 1.36, na kwenye ubao likasimama mpaka karibu digrii 54. Sasa linateleza kwenye saruji, halipinduki. Gharama ilikuwa washa nane na mkanda wa gundi. Kuku bado wanataga.

Nusu ya upana ugawe kwa kimo cha kitovu: hesabu hiyo hiyo NHTSA, shirika la usalama barabarani la Marekani, inaitumia tangu magari ya mwaka 2001 kupima hatari ya kupinduka. Na ni hiyo hiyo inayofanya kazi kwenye matatu inayopita hapa nje na magunia kwenye keria. Kila gunia linapandisha kitovu, na upana wa ekseli hauongezeki hata milimita moja. Kijana aliyeinamisha kigari kwenye ubao anaelewa jambo hili kuliko aliyesomewa sheria ya keria mara mia.

Sijasema jairo haina kazi. Ukishamaliza upana, kimo na uzito, na gari linateleza badala ya kupinduka, hapo ndipo inaporudisha ule mkono uliokatwa. Mashindano mengi huko Marekani yanaikataza kwenye usukani, kwa hoja kwamba kumshika mkia ni kazi ya dereva. Mimi siafikiani nao kabisa. Mjomba alikuwa na msaada huo bure, ndani ya waya.

Kwa wanaotaka kujiundia, kiini cha programu ni mistari miwili:

kosa = mzunguko_ulioamriwa - mzunguko_uliopimwa
usukani = amri_ya_dereva + nguvu * kosa

Sevo ya kawaida inasubiri amri mara 50 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 20, kama pigo la milisekunde 1 hadi 2, katikati ikiwa 1.5. Kusoma kihisi mara 1,000 kwa sekunde huku sevo ikisikiliza mara 50 ni kumfokea kiziwi, kwa hiyo tafuta sevo ya kidijitali kwanza. Anza na nguvu ikiwa 0, pandisha kidogo kidogo mpaka gari lianze kutikisa mkia kwenye njia iliyonyooka, kisha rudi nyuma hatua moja. Na kabla hujaliweka chini, linyanyue na ulizungushe pua kushoto kwa mkono: magurudumu ya mbele lazima yageuke kulia. Yakigeuka kushoto, badilisha alama ya kujumlisha iwe ya kutoa, la sivyo litazunguka kama pia mpaka betri iishe.